Mtani wa Meza ya Pili

Biran Njie hakuweza kusimama tuli Jumapili ile. Mara anyooshe kizibao, mara apanguse bilauri iliyokwisha kung'aa. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu katika hoteli ile ya Kololi, akiwapelekea Wazungu vinywaji ufukweni. Ugonjwa ukaja, ndege zikakoma, milango ikafungwa. Sasa hoteli imefunguliwa iwalishe Wagambia wenyewe, na wahudumu kumi wa zamani wamerudishwa darasani wiki tatu. Nafasi ni nne. Leo ndio mtihani, kwa kuwahudumia wageni halisi.

"Mimi wa kufundishwa kubeba sahani!" alifoka asubuhi nyumbani.

"Basi kabebe kiburi chako sokoni," mkewe Isatou alimjibu, "tuone kitauzwa bei gani."

Mwalimu wao, Bi Ndey Cham, alikaa pembeni na karatasi yake ya alama. Sheria zake Biran alizijua kama Fatiha: kila mgeni na sahani yake yenye kifuniko, kujikinga na ugonjwa, maneno ni yale yaliyoandikwa tu, mzaha marufuku.

Meza ya pili waliketi watu sita: Alhaji Momar, muuza mbao wa Brikama, mkewe na wanawe. Mzee alisoma jina kifuani mwa Biran, uso ukamchangamka.

"Njie! Jamani, tumekwisha! Mimi Joof, na chakula changu kimekabidhiwa Njie!"

Watoto wakacheka. Njie na Joof ni koo za watani tangu enzi za mababu. Hata msibani hawaachi kurushiana maneno. Biran akahisi jibu likimpanda kooni. Akalimeza.

"Karibuni sana. Mngependa kuagiza nini?"

Wakaagiza benachin ya samaki, wali unaopikwa pamoja na kitoweo chake chungu kimoja. Akaileta katika sahani sita, zote zimefunikwa. Alhaji akafunua moja, akafunua ya pili.

"Ahaa! Umegawa vipande vipande nisijue umedokoa wapi!"

"Samahani, bwana. Ni utaratibu wetu mpya."

Kicheko kikazimika. Mzee akaweka kifuniko mezani.

"Njie asiyemjibu Joof ana kinyongo," alisema taratibu. "Nimekukosea nini, ndugu yangu?" Kisha akasukuma kiti nyuma. "Inukeni, wanangu. Chakula cha kinyongo hakishuki."

Viti vikakwaruza sakafu. Bi Cham aliinua kalamu. Biran akajua: akifumbua mdomo amefeli, akiufumba amefeli.

"Keti chini, Joof!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Tangu lini Joof akaacha chakula mezani? Ukoo wenu ukifika msibani hauulizi nani kafa, unauliza kimepikwa nini! Sahani nimegawa kwa kuwahurumia wanao. Ningekuwekea bakuli moja wangepata nini, miiba?"

Alhaji akaangua kicheko, akarudi kitini, akijifuta machozi kwa mkono wa kanzu. "Huyu sasa ndiye Njie! Lete bakuli, mlafi wee, tule kama watu!"

Biran akawaletea bakuli kubwa, wali wote pamoja, samaki katikati. Bi Cham akamfuata hadi mlango wa jikoni.

"Sheria tatu, Njie. Kwa dakika moja."

"Wamelala nyumba moja, Bi Cham, na asubuhi wamekula bakuli moja. Zile sahani zilimkinga nani?"

"Karatasi haiulizi hayo. Umefeli."

Biran akavua kizibao. Alikuwa bado anakikunja sauti ilipovuma kutoka meza ya nne: "Dada! Sisi mayatima? Bakuli letu liko wapi? Na atuletee huyohuyo mwenye mdomo!"

Meza ya tano nao wakagonga vijiko.

Bi Cham alitazama ukumbi, akatazama karatasi.

"Vaa. Nenda meza ya nne."

"Jina langu kwanza, kwenye zile nafasi nne."

"Njie, watu wana njaa!"

"Nami nina njaa, mwaka wa pili huu. Jina langu."

Bi Cham akaandika. Biran aliinama akalisoma herufi kwa herufi, akamwambia apige na mstari chini yake, ndipo akavaa kizibao, vifungo vikimponyoka vidoleni.