Sisi, Serahangi

Mtu akikuita pacha wake na hamkuzaliwa tumbo moja, mwogope. Mimi niliitwa hivyo mara mbili na mtu yuleyule, nikiwa kijana na nikiwa mzee, na mara zote mbili nikaitika kama zuzu.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nashona ngozi, turubai za malori, chochote kinachokubali sindano nene. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejipenyeza chini ya kiti cha basi, uzi mdomoni, nikasikia mtu mlangoni: "Korongo! Hiyo miguu bado haijafupika tu?"

Jina hilo sikuwa nimeitwa tangu shule. Nikajua ni nani kabla sijatoka. Sukari! Siku hizi ni Kamanda, kastaafu jeshi la majini na nishani zake na kitambi chake. Shuleni tulimwita Sukari kwa sababu angeweza kudokoa nyama jikoni, akakamatwa nayo mkononi, na bado mpishi ndiye akamwomba radhi.

"Pacha wangu," akasema, akanikumbatia na gundi yangu yote. "Naandika historia ya shule yetu. Bila wewe nitaandika nini?"

Ningemtimua. Haki ya Mungu, mkasi nilikuwa nao. Lakini kuna neno nililokuwa nalisubiri kutoka kinywa chake maisha yangu yote, na tamaa ya neno hilo ikanishika miguu.

Shule yenyewe, kwa asiyeijua, ilianza ndani ya meli mbovu. Meli ilikwama kwenye matope ya bandari, ikashindikana kuvutwa, wakubwa wakaona badala ya kuiachia kutu, heri waijaze watoto. Wakaokota mayatima, watoro na wale waliowashinda baba zao, wakawafundisha kuogelea, kupiga makasia, kusoma bendera za ishara, kushona matanga na kufua soksi zao wenyewe. Meli ilipooza kabisa shule ikahamia kwenye mabanda marefu ya mabati, lakini lugha ikabaki ya melini. Sakafu ya saruji tuliita sitaha. Mtu akitumwa sokoni tulisema ameshuka nchi kavu, na sisi sote tumekaa juu ya nchi kavu! Kufikia zamu yetu, hata watoto wenye baba na mama walikuwa wanagombania nafasi. Baba yangu alikuwa mpagazi wa stesheni. Nilipochaguliwa alibeba mizigo ya watu siku nzima huku akiimba.

Kila mgeni alipewa pacha. Ndugu hamchagui, yule uliyesimama naye bega kwa bega kwenye mstari wa siku ya kwanza, basi ndiye huyo. Mnatumia kabati moja, ndoo moja, na kosa moja. Hilo la kosa lilikuwa sheria ya Serahangi, ndivyo tulivyomwita mwalimu wa kamba na mashua. Akiuliza "Nani?" husemi mimi, wala humtaji mwenzako. Unasema "Sisi, Serahangi," na pacha wako anaitikia "Sisi." Mnakula adhabu nusu kwa nusu, mambo yamekwisha, haulizwi mtu tena. "Baharini hakuna yeye," Serahangi alikuwa akisema, "baharini kuna sisi, au kuna maiti."

Siku moja ya wageni, mimi na Sukari tuliambiwa tufunge mashua gatini. Yeye akashika kamba, mimi nikarudisha makasia ghalani. Dada za watu walikuwa wamejaa uwanjani na nguo zao nzuri, na Sukari roho ilikuwa huko. Fundo hakufunga. Aliizungusha kamba kwenye nguzo, akaenda zake. Wadogo wakashuka mashuani kukomba maji, kamba ikafyatuka, mashua ikasogea, kisha wimbi likairudisha kwa kishindo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuizuia isigonge ukuta wa gati. Maskini, mkono ulisagika. Hospitali wakaukata.

Tukapangwa mstari. Serahangi alikuwa na damu ya yule mtoto kwenye shati. "Nani alifunga mashua?"

"Sisi, Serahangi," nikasema.

Nikasubiri "sisi" ya pili. Haikuja. Sukari alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, kama tulivyofundishwa. "Yeye," akasema.

Serahangi akauliza tena, utadhani hakusikia.

"Yeye, Serahangi. Mimi nilikuwa ghalani."

Utaniuliza, mbona hukukataa? Nilikataa! Nililia, nikaapa, nikajigaragaza chini. Lakini aliyesema "sisi" ameshakiri nusu, na Sukari akanikabidhi na nusu yake. Nilirudishwa nyumbani kabla wageni hawajaondoka. Baba hakunipiga. Aliacha kuimba tu, na akafa akiamini kwamba mwanawe alimtia mtoto wa mtu ulemavu kwa uvivu, kisha akataka kumsingizia mwenzake.

Dada yangu mkubwa aliamini hivyohivyo, na maneno yakamfikia binti yangu shuleni kwao. Akiwa mdogo alikuja kuniuliza. Nikamweleza yote, kamba, ghala, kila kitu. Akasema, "Sawa, baba." Unaijua hiyo sawa? Ndiyo tunayompa mtoto anayesema paka ndiye aliyelamba maziwa. Sasa ni mwalimu, ana watoto wake, na hiyo sawa bado iko kati yetu. Nilichotaka duniani ni hicho tu, aondoe ile sawa.

Kwa hiyo Sukari alipokaa kwenye kile kiti cha basi, akashika kichwa na kusema, "Nilikuuza, Korongo. Niliogopa. Siku ya kuzindua kitabu nitalisema mbele ya watu wote, walete wa kwenu wasikie," nifanye nini? Alilia machozi kabisa. Nikamtengenezea chai.

Nikampa kila kitu. Alikuja mara kwa mara, anaweka simu yake karibu na cherehani, mimi nashona na kusema. Nikamkumbusha nyimbo, majina ya utani, uji wenye wadudu. Nikamweleza hata nilivyojisikia pale mstarini nikingoja aitikie, koo limekauka kama nimemeza kipande cha turubai. Alitikisa kichwa. "Pole, pacha," akasema. "Pole sana."

Siku ikafika. Nilivaa suti. Dada yangu alikuja na mkongojo wake na uso wa kununa, binti yangu akaniweka tai sawa na kusema nimependeza. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Sukari akashika kipaza sauti, akaanza na meli ya matope, akawachekesha watu kwa uji wenye wadudu, halafu akashusha sauti.

"Serahangi akauliza, nani? Mimi nikasema, sisi, Serahangi. Nikamngoja pacha wangu aitikie. Koo langu lilikauka kama nimemeza kipande cha turubai."

Jamani! Koo langu! Hata koo langu alilichukua!

"Pacha wangu alikuwa na haraka siku ile, fundo hakufunga. Ni ujana. Nilikuwa radhi kubeba nusu ya kosa lake. Lakini yeye kwa uungwana wake akasema, hapana, ni mimi peke yangu. Ndugu zangu, shujaa huyo yuko hapa leo. Mimi nilishamsamehe. Naomba na ninyi mumsamehe."

Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi. Nilisukumwa mpaka mbele, sijui na nani. Sukari akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Ukweli ungetuzika wote wawili. Huu unatubeba wote. Pokea, pacha." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imefika mpaka ukamanda na bado inaendelea.

Nikampokonya kipaza sauti. "Mwongo!" nikasema. "Aliyeshika kamba ni yeye! Mimi ndiye niliyesema sisi, na yeye ndiye aliyesema yeye!"

Ukisikia maneno hayo hujui nani ni nani, eti? Na wao hawakujua. Mtu wa mstari wa mbele akacheka, mwingine akasema mzee kazidiwa, apewe maji. Ndipo nikamwona binti yangu anapanda jukwaani, macho yamelowa. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikasema moyoni, mwanangu huyo, amekuja kusimama na mimi.

Akaniondolea kipaza sauti mkononi taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Baba, basi," akasema. "Mtu anakusifu mbele ya umati, wewe unamtukana?" Kisha akamgeukia Sukari, akainamisha kichwa. "Tusamehe, Kamanda. Baba ndivyo alivyo. Kwake kosa siku zote ni la mwenzake."

Dada yangu hakuinuka hata kitini. "Kumbe siku ile ulikiri, mdogo wangu," akasema. "Ungeishia hapohapo."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye gari la binti yangu na mlango wazi. Kutoka pale niliiona meza. Watu walipanga foleni na vitabu vyao, na mwanangu alikuwa kwenye foleni. Ilipofika zamu yake Sukari alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wakaongea, wakacheka. Akamwandikia kitu kirefu.

Akaja amekikumbatia kitabu kifuani. Uso wake ulikuwa mweupe wa furaha. Nikafunga mlango.

"Ni mtu mwema sana, baba," akasema, akiwasha gari. "Kasema nyie mlikuwa mapacha, kwa hiyo nimwite baba mkubwa."