Akaunti ya Mama Dakika

Mama Dakika tulimzika wenyewe, wodi nzima, na sare zetu. Jina hilo tulimpa kwa sababu akienda kuhesabu pumzi za mgonjwa alisimama dakika nzima kando ya kitanda, macho kwenye kijisaa alichokining'iniza kifuani, na hata umwite vipi haitiki. Sisi wengine tulitupia kifua jicho moja, tukaandika ishirini, tukaenda zetu. Ishirini haina ugomvi.

Akaunti yake kwenye kompyuta ya wodi haikufungwa. Ilikaa wazi, na mwenye haraka aliandikia humohumo joto na dawa za wagonjwa. "Marehemu atanisamehe," tulisema, tukicheka.

Wiki hiyo mama yangu mdogo alikuwa kitanda cha dirishani, kapasuliwa tumbo. Ndiye aliyenilea. Nyumbani kwangu palijaa mashemeji, wifi, watoto wamelala mpaka koridoni, wote wakimsubiri atoke kesho yake. Asubuhi nilipompitia alinitania, "Hiyo sare... umeiazima kwa mtoto... mwanangu?" Maneno yalimtoka mkatomkato. Nikadhani ni kidonda.

Mchana mkufunzi alituita chumba cha mikutano, mkabala na wodi. Kulikuwa na mpango mpya: yale tunayoyaingiza kwenye kompyuta tunarudishiwa wenyewe, tujifunze kutokana na kazi yetu. Majina ya wagonjwa yameondolewa, vitanda vimebaki. Akawasha projekta.

"Hivi ndivyo wagonjwa wenu walivyopumua mwezi huu."

Ukutani mstari ulikuwa umenyooka kama meza. Ishirini, ishirini, ishirini.

"Wanapumua pamoja kama kwaya?"

"Tumewafundisha nidhamu, mkufunzi," alisema Kidomo, muuguzi mwenzangu asiyekosa neno. Tulicheka, lakini kwa aibu.

"Ila kuna mmoja wenu." Ukatokea mstari wa pili, unapanda na kushuka. "Huyu anahesabu kweli. Asimame tumpigie makofi." Akasoma jina.

Lilikuwa la Mama Dakika.

"Hayupo," alisema Kidomo.

"Yuko likizo?"

"Ndefu."

Tukamweleza. Akakuna kichwa. "Basi aliyekuwa akitumia akaunti yake ajitokeze. Si kesi, jamani, ni sifa."

Sifa ya bure, na wodi yetu haina mtu wa kukataa sifa! Hakusimama mtu. Tulitazamana.

"Mara ya mwisho aliandika nini?" niliuliza.

Mkufunzi akabonyeza. Leo. Kitanda cha dirishani. Alfajiri ishirini na mbili. Baadaye ishirini na nane. Na sote tukiwa tumekodoa macho, mstari ukaruka tena: thelathini na nne.

Mpole, mwenzetu aliyeachwa zamu wodini, alikuwa kasimama mlangoni akisikiliza. Aligeuka kuitazama meza ya kompyuta wodini.

"Kiti ni kitupu," alisema kwa sauti ndogo.

Nilikimbia. Mama mdogo alikuwa na midomo iliyopauka. "Mwanangu... hilo dirisha... mmelifunga?"

Lilikuwa wazi, pazia linapepea. Nikamwekea mkono kifuani, nikahesabu dakika nzima. Thelathini na nne kamili.

Daktari akaja mbio, mama mdogo akawekewa oksijeni na kuanzishiwa dawa. Damu ilikuwa imeganda, ikaingia pafuni. "Mngengoja raundi ya jioni," aliniambia, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Kesho yake fundi wa kompyuta alikuja kuifunga ile akaunti na kumpa kila mtu neno lake la siri.

"Marehemu kakukosea nini?" Kidomo alimuuliza.

"Marehemu hana mkataba."

Nilitaka kumshika mkono. Mama mdogo bado alikuwa na oksijeni, na mtu pekee aliyemwona akizidiwa ndiye huyo anafutwa. Lakini ningemwambia nini fundi? Akabonyeza, jina likatoweka.

Alipoondoka nilienda kitandani, nikasimama dakika yangu nzima.

"Unanikodolea kifua kama fundi cherehani," mama mdogo alisema, sentensi nzima bila kukatika. Nilikaribia kulia. Ishirini na mbili.

Nikaenda kwenye kompyuta. Nikaingiza neno langu la siri, ambalo hata mume wangu sijamwambia. Nikafungua kitanda cha dirishani.

Ishirini na mbili ilishaandikwa. Pembeni yake, jina langu.

"Kidomo, umeingia kwenye akaunti yangu?"

"Mimi? Hata yangu nimeshaisahau!"

Sikuuliza tena. Sisi tulitumia ya kwake bila hodi. Nilikaa kwenye kile kiti, nikaona kina joto, kama mtu kainuka sasa hivi kunipisha.

Mama mdogo yuko nyumbani, anagombeza watoto wa koridoni. Fundi hupita kila mara kutuhimiza tubadilishe maneno ya siri. Langu sijaligusa.