Namba Kumi na Moja ya Baba

Wanaume wa bonde letu wana tabia moja inayonikera kuliko zote. Wakifika huko juu kwenye kibanda cha wapanda mlima, baada ya saa tatu za kupanda, hata jasho hawajajifuta, wanachomeka skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea, kwenye theluji pale mlangoni, halafu wanapita wakiinamia za wenzao kusoma namba. Kila kifungo cha skii, kile kinachobana buti, kina kidirisha, na ndani ya kidirisha kuna namba inayoonyesha kifungo kimekazwa kiasi gani. Ndogo, kinauachia mguu upesi ukianguka. Kubwa, kinaung'ang'ania. Basi, hakuna lingine! Ni kazi ya skrubu. Lakini hawa mabwana wameigeuza cheo. Mwenye nne anakaa mlangoni kwenye upepo, mwenye tisa anapishwa karibu na jiko.

Najua ninachosema, maana mimi ndiye ninayewafungia. Naitwa Neža, nina duka la skii hapa Bohinj, Slovenia, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Na mteja aliyenitoa jasho kuliko wote ni baba yangu mzazi.

Baba yangu Gašper ana miaka sabini na moja. Mama alipofariki, mzee alikaa miaka minne akila kwa kusimama mbele ya sinki, kijiko mkononi, sufuria ni ileile tangu juzi. Nikimkuta hivyo, nilikuwa narudi garini kulia kwanza, halafu ndiyo naingia kumsalimia. Vuli iliyopita akaanza kuimba bafuni. Nikauliza kulikoni. Kumbe kuna Bi Ljudmila, mjane, muuguzi mstaafu wa zahanati yetu, mwenye mashavu mekundu na pumzi isiyokatika, ambaye kila Alhamisi hupanda mlima kwa skii na kundi la wastaafu.

Baba akajiunga na kundi. Shida ikawa skii zake. Vifungo vyake vilikuwa vile vya fremu vya zamani, ambavyo kila hatua unainua chuma kizima pamoja na kisigino. Kwa hiyo Baba alikuwa anafika kibandani wenzake wanavaa glavu wateremke. Alhamisi saba mfululizo hakuwahi kukaa meza moja na yule mama. Alhamisi ya nane Polde, fundi bomba mstaafu na mbea wa kupindukia, akakaa ubavuni mwa Bi Ljudmila akamkatia soseji. Habari hizo zilimuuma Baba hadi akashindwa kulala.

Jumanne akaja dukani, na Bi Ljudmila yuko naye.

"Neža, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia, "tuonyeshe vifungo. Vya maana."

"Shikamoo, Bi Ljudmila," nikasema. "Baba, unataka vya kupandia tu, au na vya kwenye lifti?"

"Vyote. Alhamisi napanda. Jumapili niko mlimani Vogel, lifti zinanipeleka juu, nateremka kama kawaida yangu."

"Kawaida yake ni kama mtu aliyefukuzwa na nyuki," nikamweleza Bi Ljudmila. Akacheka. Baba akakohoa.

Nikapanga vifungo mezani. Nikamwambia hivi vya kwanza ni kama vya Bi Ljudmila, vyepesi, pini mbili zinabana ncha ya buti na kisigino kinabaki huru. Kupanda ni raha tupu, ila ukivipeleka Vogel kwenye njia iliyoganda, kwa mwendo wako, vitakutetemesha mpaka meno yagongane. Hivi vya pili ni vya lifti tu, vinakushika barabara, lakini kwa miguu havikupeleki popote. Na hivi hapa ni vya kati. Unapopanda unatumia pini, unapoteremka unafunga taya ya mbele na kukanyaga kisigino, vinakuwa kama vile vya lifti. Ni vizito kuliko vya mama hapa, lakini ni nusu tu ya kile chuma chako.

Bi Ljudmila alivipima mkononi kimoja kimoja, kama anayechagua kabichi. "Hiki cha kati," aliuliza, "mtu anaweza kukibadilisha akiwa na glavu, vidole vimekufa ganzi?"

Swali la mtu anayejua mlima. Nikamwonyesha, anaweza.

Baba naye akauliza lake. "Kinafika namba ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na vile vyepesi?"

"Kumi."

"Nipe vya kumi na tatu."

Hivyo ndivyo alivyochagua. Alichukua kifungo kilichomfaa kabisa, kwa sababu ya kijinga kabisa. Nikachukua fomu, maana bila fomu simfungii mtu, hata angekuwa askofu.

"Umri?" nikauliza, kwa mazoea tu.

Baba akatupa jicho kwa Bi Ljudmila. "Sitini na nne."

Kalamu ikanigandia mkononi. Mimi nina miaka arobaini na tisa. Kwa hesabu hiyo alinizaa akiwa na kumi na mitano.

"Uzito?"

"Sabini na tano."

Labda tumbo aliliacha nyumbani. "Unateleza vipi? Mpole, wa kati, au mkali?"

"Unaniuliza mimi? Andika mkali."

Nikaandika alichosema, nikakaza vifungo kwa umri na uzito wake wa kweli. Nilipomaliza, Baba akainama kwenye kidirisha, akaruka kama aliyeungua.

"Sita? Neža! Sita ni ya watoto wa shule!"

"Mimi yangu ni tano," alisema Bi Ljudmila.

"Wewe ni mwanamke."

"Na wewe ni nani, ng'ombe?"

Baba akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikamwambia taratibu, "Baba, ukianguka na namba kubwa, kifungo hakiachii. Linaloachia ni goti. Nimeshaona mtu kaletwa hapa chini kwa machela, unyayo unatazama nyuma."

"Sawa, sawa, nimeelewa," akasema. Alikubali upesi mno, na mimi mjinga nikaamini.

Alhamisi nikafunga duka nikaenda nao. Nilitaka kumwona, na jamani, nilimwona! Alikuwa wa tatu kwenye mstari, nyuma ya Bi Ljudmila, anahema lakini anasimulia, anatia chumvi hadithi ya dubu aliyekutana naye ujanani, na yule mama anageuka kila mara kumwambia, "Mwongo wewe!" Nilifurahi sana. Kwa miaka minne sikuwa nimemsikia baba yangu akimaliza hadithi.

Tukafika. Skii zikachomekwa, na Polde akaanza ukaguzi wake.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele. "Njooni mwone! Gašper kaweka kumi na moja!"

Wazee wakajaa pale, wanampiga Baba mabegani, wanamwita simba. Wakampisha kiti cha karibu na jiko, ubavuni mwa Bi Ljudmila, wakampakulia supu ya maharage na kabichi kabla ya wote. Polde, mwenye tisa yake, akaenda kukaa karibu na dirisha. Nikamtazama Baba usoni. Akatazama supu. Hapo nikajua kuwa alikesha na bisibisi ya jikoni.

Sasa nifanye nini? Nikisema pale, namvua nguo mbele ya kundi zima na mbele ya Bi Ljudmila, na Jumatatu nitamkuta tena kwenye sinki. Nikinyamaza, atateremka lile korongo chini ya kibanda, lenye barafu juu na theluji laini chini yake, na kumi na moja miguuni, akijionyesha. Niliogopa, sitaki kusema uongo.

Nikaaga naenda msalani. Bisibisi haitoki mfukoni mwangu hata kanisani. Nikapiga magoti kwenye theluji, nikazirudisha skrubu zote nne, za mbele na za kisigino, mpaka sita, nikasugua theluji juu ya vidirisha ili mtu asisome, nikarudi ndani. Mlangoni nikapishana na Bi Ljudmila, akasema anatoka kupunga hewa kidogo. Nikamwambia hewa ni nzuri.

Baada ya nusu saa tukashuka. Baba, mwenye kumi na moja yake kichwani, akatangulia ili aonekane. Kona ya kwanza, skii ya kulia ikamtoka, naye akaanguka kifudifudi mpaka masharubu yakajaa theluji. Akavaa tena. Kona ya pili, ya kushoto. Kona ya tatu hakufika hata kwenye kona. Aliinua mkono kumpungia Bi Ljudmila, skii zote mbili zikamwacha, akabaki amekaa kama mtu anayengoja kuletewa chai.

"Hiyo ndiyo kumi na moja?" Polde aliuliza, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ingekuwa sita si ungeanguka kwa kupiga chafya, bwana!"

"Neža!" Baba akanguruma. "Umeniuzia takataka! Mwanangu mwenyewe! Takataka!"

Alisema hayo mbele ya watu kumi na wawili, wote wateja wangu. Uso uliniwaka moto. Nikateleza mpaka alipo, nikafuta theluji kwenye kidirisha, nikasoma. Tatu. Nikasoma kifungo cha pili. Tatu. Niliweka sita kwa mkono wangu, nusu saa iliyopita! Nikadhani macho yamekwisha, au mikono, na kwamba labda kuna watu chini bondeni wanatembea na kazi yangu mbovu miguuni. Nilitaka kulia.

"Ni mimi," akasema Bi Ljudmila.

Wote tukageuka. Alikuwa amesimama juu yetu kidogo, ameegemea fimbo zake.

"Nilitoka na kisu changu cha mfukoni. Sikuwa na miwani, kwa hiyo sikusoma. Nilijua ni kumi na moja, nikazungusha kila skrubu mpaka nikaona inatosha."

"Lakini mimi nilikuwa nimeshazishusha!" likanitoka kabla sijafikiri.

Baba akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Nyote wawili? Mmetoka nje, mmoja baada ya mwingine, kunifanya kichekesho?"

"Goti liko zima?" akauliza Bi Ljudmila.

"Nimeaibika!"

"Sikukuuliza hilo. Goti?"

"Zima," Baba akanung'unika.

"Basi nisikilize, Gašper. Una miaka sabini na moja. Nilikaa zahanati ile miaka thelathini, kadi yako naijua kuliko unavyoijua wewe. Nimekuchoma sindano ya pepopunda mara mbili, na mara zote mbili ulifumba macho."

Mtu alicheka huko nyuma. Yeye hakucheka.

"Ulijua?" Baba akauliza. "Pale dukani ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uchoke kudanganya. Lakini leo nimesikia Polde anapiga kelele kumi na moja, na nyie wote mnashangilia, na supu imenishinda." "Franci wangu alikuwa na kumi na mbili. Mlikaa naye mezani, mlimpisha kiti. Theluji ilipoporomoka chini yake, skii hazikumwachia, zikamvuta chini kama nanga. Mimi nimeshazika mume mmoja kwa sababu ya namba. Wa pili sina nguvu ya kumzika, nakwambia kweli."

Polde alikuwa anaitazama glavu yake kama ndiyo kwanza anaiona. Upepo ulikuwa unapita, na Baba bado amekaa kwenye theluji, barafu kwenye masharubu, kofia imekwenda upande. Nilitaka kumwinua, lakini aliinua kiganja kunizuia.

"Wa pili?" akasema.

"Nini?" akauliza Bi Ljudmila.

"Umesema mume wa pili."

Bi Ljudmila, ambaye mashavu yake ni mekundu siku zote, alipata wekundu mwingine juu ya ule. "Inuka, Gašper. Unalowa."

"Siinuki. Rudia."

"Sirudii kitu mbele ya Polde."

"Polde," Baba akasema, bila hata kumgeukia, "teremka."

Na Polde akateremka, haki ya Mungu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, taratibu kuliko nilivyowahi kuwaona wakiteleza. Baba akanisukumia skii zake, macho bado yako kwa yule mama.

"Weka sita," akaniambia. "Weka tano. Weka yoyote unayotaka, mwanangu."

Nikapiga magoti na bisibisi yangu, lakini ilibidi ningoje kwanza, maana skrubu nilikuwa siioni kwa machozi.