Siku Waliyotuhesabu

"Tembeeni! Tembeeni, jamani, msisimame!"

Ndugu yangu Swaib alikuwa katikati ya barabara, suti ya kijivu mwilini, jasho linamchuruzika, anawapungia mkono watu waliokuwa wakipita huku na huku mbele ya maduka ambayo nusu yake yamefungwa. Kila mmoja alishika mfuko wa karatasi, kama mtu aliyetoka kununua, na ndani ya mfuko hamna kitu. Wakifika kwenye kona wanageuka, wanarudi walikotoka. Mzee mmoja aliyechoka aliegemea nguzo apumue. Swaib akamkazia macho, naye akajikokota tena. Mimi nilisimama pembeni, nimetoka Jinja asubuhi ile, na niliwatazama kwa raha ambayo sitaificha. Nikasema moyoni, haya, mlitaka mtaa wa watu wa kutembea. Hao wanatembea.

Lakini nimerukia mbali. Mambo yalianza siku waliyotuhesabu.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo Mbale, katika baraza la duka la Khainza, muuza vitenge. Yale maduka yetu ni ya zamani ya Wahindi, yenye nguzo mbele na paa linalotoka hadi barabarani, na baraza pana kiasi kwamba ukiweka cherehani bado mtu atapita na mzigo wake kichwani. Nililikalia baraza lile tangu nilipoolewa. Mimi kwetu ni Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na sote tuligombana kwa Kiswahili. Mama alipofariki nilimchukua Swaib, kitinda mimba wetu, nikaja naye Mbale akiwa bado anavaa viatu kinyume. Amekulia chini ya meza yangu, anachezea vifungo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema. Waje waniambie mimi.

Wateja wangu hawakuwa watu wa kutembeatembea. Mwenye shughuli zake atatembeatembea saa ngapi? Walikuja kwa boda. Mtu anasimamisha pikipiki, mguu mmoja chini, ananirushia suruali, "Mama Nusifa, zipu hiyo!" na kabla sijajibu keshaondoka. Akitoka sokoni anaipitia. Wengine walishuka kutoka mlimani na mikungu ya matoke, wakaniachia sare za watoto, wakaenda kuuza, na wakati wa kurudi wakakuta sare ziko tayari. Ndivyo mtaa wetu ulivyokuwa, honi na matope na matusi ya hapa na pale, na riziki ndani yake. Sikuwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba hana mahali pa kutembea.

Basi ikaja Agosti ya mwaka wa imbalu. Kwa asiyetujua, imbalu ni tohara ya Wamasaba, na haiji kila mwaka. Inakuja mwaka mmoja, inaruka mwaka unaofuata. Ikija, vijana wanaokwenda kutahiriwa wanapita mjini wakicheza, nyuso zimepakwa unga, njuga zinalia mapajani, ngoma mbele, na nyuma yao ukoo mzima, na majirani wa ukoo, na wadoezi wasiojulikana wametoka kwa nani. Siku hizo mimi hufunika cherehani nikatazama, kwa maana hata sindano huioni kwa vumbi. Na siku kama hiyo, katika siku zote alizoziumba Mungu, ndiyo halmashauri ya jiji ilipowaleta watu wa kuhesabu wapita njia.

Walitoka Kampala, wamevaa fulana za kijani, kila mmoja na kidude mkononi cha kubonyeza mtu anapopita. Loo, walibonyeza! Kundi la kwanza likapita wakabonyeza, la pili wakabonyeza, na wale wale wa kundi la kwanza waliporudi kumfuata mjomba wao wakabonyezwa upya. Nadhani na mbuzi wa karamu alihesabiwa. Wahesabuji wakatazamana kwa furaha, kama watu waliochimba kisima wakapata mafuta. Mmoja akaja barazani kwetu akauliza kama mtaa huu huwa na watu hivi siku zote.

Nilikuwa nafungua kinywa nimweleze. Khainza akanitangulia.

"Kila siku, bwana!" akasema. "Hii leo bado ni kidogo!"

Mwenye duka la rangi akaitikia, mwenye duka la viatu akaitikia, na muuza simu akaapa kwa jina la mama yake. Walikuwa wamesikia kwamba mtaa utakaoonekana na watu wengi ndio utakaopambwa, na duka lililo kwenye mtaa uliopambwa hupanda thamani. Wamasaba watupu, waliozaliwa na kutahiriwa pale pale, wanamwambia mgeni kwamba imbalu ni Jumatano ya kawaida. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu sikudhani duniani kuna ofisi itakayoamini.

Ofisi iliamini. Na mkuu wa mipango katika ofisi hiyo, aliyewaleta wale wa fulana za kijani, alikuwa Swaib wangu. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni, kwenye mji mmoja wa baridi huko Ulaya, na huko walimsifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Aliitisha mkutano. Alitundika ukutani picha za mji ule wa baridi, watu wenye makoti wanapita polepole, kikombe mkononi, hakuna gari, hakuna boda, hakuna hata mbwa. Akatuambia mtaa wetu utakuwa hivyo. Magari na pikipiki marufuku. Miti ya kivuli itakatwa kupisha mawe mapya, na maua yatapandwa ndani ya madebe ya saruji. Na ili watembeaji wapate nafasi, hakuna ruhusa ya biashara yoyote barazani. Sehemu hii, akasema, sasa ni eneo la biashara rafiki kwa waenda kwa miguu. Khainza na wenzake wakapiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu.

Nikasimama. "Swaib," nikasema, "siku ile mliyotuhesabu ilikuwa imbalu. Wewe unajua. Utotoni ulizifuata ngoma hizo hizo, nikakutafuta hadi mto Nabuyonga nikilia."

Watu wakacheka. Nilimwona Swaib akiinamia karatasi zake, na nilijua anajua. Uso ule nimeunawisha mimi, siwezi kuukosea. Akainua kichwa, lakini hakunitazama.

"Madam," akasema, "jambo hilo limezingatiwa. Swali jingine?"

Madam! Nimewahi kutukanwa na walevi, na madereva, na mama mkwe Mungu amrehemu, lakini hakuna aliyenitukana hivyo. Niliketi, na mkutano ukaendelea kuzungumzia rangi ya madebe.

Siku ya kuondolewa alikuja Matia, askari wa jiji, mtu wa kaskazini aliyewahi kuwa jeshini na Kiswahili chake ni kile cha kambini. "Mama, toa hii mashine," akaniambia. "Amri iko juu." Hakunipiga wala hakunisukuma. Aliinua meza ya cherehani mwenyewe akanibebea hadi kona, akaiweka chini taratibu, akafuta vumbi kwa mkono wake. Ningependa angekuwa katili, ningepata wa kumlaani. Khainza alikuwa ndani ya duka, anapanga vitenge vilivyokwisha kupangwa.

Nikarudi Jinja. Mume nilishamzika, ndugu nilishampoteza, Mbale nilibakiwa na nini? Dada yangu Halimah alinipokea Walukuba, na kwa bahati nikapata baraza mjini, zuri kuliko lile la kwanza, wateja wakaanza kunizoea. Watu wa kitongoji cha Mpumudde wakawa wanasimamisha boda mbele yangu na kunirushia suruali. Nikasema alhamdulillahi, mahali pa kuzeekea nimepapata.

Habari za Mbale zilinifikia, na kila habari ilikuwa tamu kuliko ya jana. Mawe mapya yalichemka jua likipanda, kwa kuwa miti ilikatwa. Maua yalikauka. Mwanamke anayenunua vitenge jora zima hawezi kushukia kona ya mbali akabebe kichwani mpaka alikopaki mwenye boda, basi akaenda kununua mtaa wa pili. Ikafika Agosti ya mwaka wa katikati, usio na imbalu, na mtaa ukawa mtupu kiasi kwamba kunguru walitembea katikati yake bila wasiwasi. Hao ndio waenda kwa miguu wa Swaib, nikamwambia Halimah, na tukacheka hadi chai ikapoa. Duka la rangi likafungwa. La viatu likafungwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kisha siku moja watu wakaja na kamba ya kupimia, wakaanza kulipima baraza langu la Jinja.

"Mnapima nini?" nikauliza.

"Tunataka mtaa kama ule wa Mbale," akanijibu mkubwa wao, bwana mmoja mnene aitwaye Isabirye, wa baraza la madiwani. "Watu wanausifu sana. Alhamisi tunakwenda kujifunza."

Ebo! Ujinga una miguu kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Nilimweleza, akaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku akihesabu nguzo. Nikaona maneno yangu hayatafaa kitu hapo. Dawa ilikuwa niende Mbale Alhamisi hiyo hiyo, nimwoneshe mtaa mfu mbele ya macho yake, na baraza langu lipone.

Ndivyo nilivyojikuta pembeni pale, nikimwangalia Swaib akiwaswaga wale watu na mifuko yao mitupu. Alikuwa amewakusanya kutoka vitongojini ili wageni wa Jinja waukute mtaa una uhai. Na katika wale waliokuwa wakigeuka kwenye kona, wakirudi, wakigeuka, nilimwona Khainza.

Alikuwa amekonda. Malapa yake yalikuwa yameisha kisigino, na mfuko aliupakata kifuani kana kwamba ndani mna kitu. Duka lake, nyuma yake, lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Nilikuwa nimemwekea maneno yake, makali, nimeyanoa mwaka mzima.

"Nusifa," akasema bila kusimama, maana Swaib alikuwa anatazama. "Wametuahidi soda na mkate."

Akapita.  Nilimdharau, Mungu anajua, na nikamwonea huruma papo hapo, na huruma ile ilinikera kuliko dharau.

Swaib akaniona. Akanijia mbio, akachomoa mfuko kwapani. "Dada," akasema. Siku hiyo nilikuwa dada. "Dada Nusifa, wanafika sasa hivi. Tembea kidogo tu, watu hawatoshi."

"Hawatoshi?" nikamwambia. "Si ulituhesabu?"

Midomo ikamcheza. Kwa dakika ile alikuwa mtoto wangu tena, na kama angesema neno moja la kweli ningeshika mfuko ule na kutembea hadi usiku. Lakini magari ya Jinja yalikuwa yamesimama kwenye kona, na akageuka akaenda kuwapokea wageni, huku akifunga kifungo cha koti.

Isabirye alikuja mbele, anashangaa kila kitu, madebe, mawe, watu. Nikamkabili barabarani.

"Bwana Isabirye," nikasema, "watu hawa wamekodiwa. Tazama mifuko, hamna kitu. Tazama makufuli. Mtaa huu umekufa, na ule wetu mtauua hivi hivi."

Akawatazama watu. Akayatazama makufuli. Hakuwa kipofu, aliona vizuri kabisa. Kisha akanivuta pembeni kwa adabu, akashusha sauti.

"Kumbe wanakodiwa?" akasema. "Nani anawaleta? Nipe namba yake, mama."

Sikumpa kitu. Aliningoja kidogo, akanipigapiga begani, akamfuata Swaib, na wote wawili wakaendelea na safari yao kati ya watu wanaotembea. Mimi nikawapa mgongo. Nikaenda hadi kwenye baraza la Khainza, pale pale cherehani yangu ilipokuwa ikikaa, nikaketi sakafuni na mgongo ukutani. Kijana mmoja wa msafara wa Jinja akanipiga picha, akatabasamu, akashukuru.

Matia akatokea na rungu lake. Alinitambua. Nilijiandaa, nikasema leo hanyanyuki mtu hapa, wanibebe kama meza. Lakini alisimama tu, akanipa kivuli kwa mwili wake.

"Kaa, mama," akasema. "Kaa tu. Leo wanataka watu."

"Na kesho?"

Akageuka kuutazama msafara, ambao ulikuwa umefika mwisho wa mtaa na unapigiwa makofi.

"Kesho amri iko juu, na mimi iko kazini," akasema.