Bolti ya Chini

Pikipiki ililetwa asubuhi ikisukumwa, na aliyeisukuma ni Kibiriti mwenyewe, akiuburuta kidogo mguu wa kulia. Akaiweka kwenye stendi ya karakana, akamwambia dada yake kwamba anataka sevisi kamili, asibakize kitu, kwa sababu saa kumi anakuja mnunuzi.

Dada mtu akachukua kitambaa, akaanza kufuta tangi ambalo halikuwa na vumbi lolote.

Si pikipiki ya kubebea magunia hii, tuelewane. Ina mwili mrefu mwembamba wa pikipiki za matopeni, lakini imevalishwa matairi mapana ya lami, na silinda yake moja ina hasira za silinda nne. Imeundwa kwa ajili ya kona, basi. Ukiipeleka barabara iliyonyooka inanuna. Kibiriti alishinda nayo vikombe miaka mitano, na miaka yote hiyo aliyeifungua na kuifunga ni dada yake peke yake.

Naye dada alikuwa na jina lake mjini. Kila bolti aliyoikaza aliitia nukta ya rangi nyeupe, mteja aone kwa macho yake kwamba kazi imekwisha. Wateja wakambatiza Fundi Nukta, na jina hilo likampanda kichwani kidogo, tusimfiche.

Sasa sikiliza aibu yake. Miezi saba nyuma, siku moja kabla ya mashindano, alibadilisha pedi za breki ya mbele. Kalipa, kile chuma kinachobana diski, hushikwa na bolti mbili. Ya juu aliikaza. Ya chini aliizungusha kwa vidole tu, simu ikaita, akaenda kubishana na muuza spea kuhusu cheni, na aliporudi akanawa mikono akafunga mlango. Kesho yake, mzunguko wa tatu wa mashindano, bolti ikachomoka. Kalipa ikapinda, gurudumu likajibana, na Kibiriti akaruka juu ya usukani, paja likavunjika mara mbili. Pikipiki iliporudishwa karakana, fundi aliliona tundu tupu kabla ya mtu mwingine yeyote. Akatia bolti mpya, akaikaza, akaiwekea nukta nyeupe, akafunga mdomo wake mpaka leo.

Basi akaanza kazi. Aliwasha injini kidogo ipate moto, akaizima, akafungua oili ikashuka polepole, nyeusi, uzi mmoja usiokatika. Mwanga ulipita kwenye bati za plastiki za paa, ukatua sakafuni ukiwa na rangi ya asali, na joto likavifanya vitu vyote viende taratibu. Alipima nafasi za vali, akazikuta sawa. Akaosha chujio la hewa. Kisha akaketi chini, akaanza kugonga spoku za gurudumu la mbele kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Spoku iliyolegea hutoa sauti butu. Iliyokaza huimba.

Zikaimba. Aligonga na kugonga hata akasahau yupo wapi, akawa anamwona mdogo wake akiingia kona, mguu umetolewa nje ukikaribia kulamba lami, gurudumu la nyuma likiteleza upande kwa madaha, na yeye mwenyewe nyuma ya kamba akicheka peke yake. Ilimuuma roho kuona jinsi alivyokuwa na furaha siku zile.

Kibiriti alikuwa amejilaza kwenye kochi kuukuu la pembeni, macho yamefumbwa. Akaanza kusema taratibu, kama aliye usingizini. Alisema hauzi kwa sababu ya mguu, mguu umepona. Anauza kwa sababu mkono wake umekwisha. Kila akilala anaiota kona ile, na katika ndoto anajiona anabana breki kwa pupa, vidole vimepagawa kwa woga. Walimu wa mchezo walimwambia aliogopa, naye ameamini. Mtu aliyeogopa mara moja kwenye kona, alisema, ni bora akauze nguo.

Spana ikasimama hewani. Fundi alikuwa amejidanganya muda wote huo kwamba siri yake haimdhuru mtu. Kumbe mdogo wake alikuwa amebeba lawama kwa niaba yake. Akipiga kimya mpaka saa kumi, pikipiki itaondoka, siri itaondoka nayo, na hakuna atakayejua kamwe. Akapiga moyo konde.

"Mdogo wangu, hukuogopa. Bolti ya chini ya kalipa sikuikaza. Ilichomoka. Niliona tundu siku ileile, nikaliziba."

Kibiriti akafumbua macho. Akakaa wima. Akautazama mkono wake wa kulia, akakunja vidole, akakunjua.

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa."

"Miezi saba, dada."

Fundi alianza kuomba radhi, lakini Kibiriti hakumngoja amalize. Akainuka, akamnyang'anya spana mkononi. Akapiga magoti mbele ya pikipiki, akalegeza bolti zote mbili za kalipa, kisha akazikaza upya mwenyewe. Akaenda kwenye ekseli, akaenda kwenye usukani, bolti kwa bolti, machozi yakimdondoka wala hayafuti. Dada yake alisimama ukutani kama mgeni. Nje honi ilipigwa. Mnunuzi alikuwa amefika.

Kibiriti akavaa kofia ngumu, akajaza oili, akapiga stati. Karakana nzima ikatetemeka. Akapita getini, akampita mnunuzi na gari lake, hakumtazama yeye wala dada yake.

Fundi alitoka hadi barabarani. Kona ya kwanza iko mita mia mbili, pale ukuta wa ghala unapoishia. Mlio ulishuka, ukashuka tena, ukakatika kabisa kwa kitambo ambacho yeye alikiona kirefu kuliko miezi saba. Halafu ukafumuka upya ng'ambo ya ukuta, mwembamba na mkali, ukaenda zake.

Mnunuzi aliuliza kama ndiyo ile. Akaambiwa ndiyo, ila haiuzwi tena. Akakasirika kidogo, kisha akasikiliza mlio ukififia, akatikisa kichwa. Akauliza fundi wake ni nani, maana injini ile imetunzwa na mtu anayejua.

"Ni yule anayeiendesha," fundi akajibu, akarudi ndani kufagia.