Getini Anaingia Mmoja

"Jogoo wangu, kaka! Umempeleka jogoo wangu!"

"Punguza sauti. Watu wanakula."

"Waache wale! Nasema wewe ni mwizi, na wasikie hukohuko wanakotafuna!"

Nonoy alikuwa amesimama katikati ya chumba, na kile chumba ukisimama katikati umeshaziba kila kitu, mpaka upepo. Kaka yake Efren alikuwa kwenye benchi, mgongo kaegemeza kwenye bati, mkono wa kulia kaubana kwapani kama mtu anayesikia baridi, na Jumapili ile mchana mtaa mzima wa Calumpang ulikuwa unatokota kwa joto. Mama yao, Perla, alikuwa karibu na mlango anapepea jiko la mkaa, kawapa mgongo. Lorna, mke wa Efren, tumbo la miezi saba limemkalia mapajani, alikuwa anachambua majani ya mlonge.

"Nani kakwambia?" Efren akauliza.

"Niambiwe na nani? Nimemwona. Natoka kanisani, napita kwa Ubaldo, namkuta kafungwa mguu kwenye kigingi, anadonoa mahindi ya Ubaldo. Tena kaniangalia kama hanijui!"

Lorna akacheka, halafu akaziba mdomo.

"Shemeji, usicheke."

"Sikucheki wewe. Namcheka jogoo."

Ubaldo ndiye alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha samaki wa kopo. Kiwanda hakikuwa chake, wenyewe hata sura zao hakuna aliyezijua, lakini getini pale anayesema huyu aingie, huyu arudi kwao, ni yeye. Na kuingia kwenyewe ni kwa miezi mitano. Sheria inasema ukifikisha mwezi wa sita wewe ni mfanyakazi wa kudumu, hawakutoi ovyo, ukiumwa unatibiwa. Kwa hiyo hakuna anayefikisha. Wa tano ukiisha unaambiwa asante sana, kapumzike, na kesho yake kisu chako kina mtu mwingine.

Efren na Lorna wameishi hivyo tangu waoane. Mume akitoka mke anaingia, mke akitoka mume anaingia, meza ileile ya nne, buti zilezile, Lorna anajaza matambara mbele ili zimkae. Watu walikuwa wanawatania kwamba wale hawajaoana, wanapokezana. Sasa Lorna kapata mimba, na mwenye mimba pale getini hapiti, basi zamu yake kapewa Nonoy, ambaye tangu amalize shule kazi yake ilikuwa kufuga jogoo na kungojea. Efren katoka jana. Nonoy aanze kesho. Alishapimwa kifua, alishapimwa mkojo, nywele alishakata. Kazi hata hajaigusa, lakini wiki nzima alikuwa anaiwaza mwisho wake. Anakula anawaza, mwezi wa tano nitakwenda wapi. Anaoga anawaza.

Halafu ndiyo ikaja habari ya kofia ya Sabel.

Sabel alikuwa mama mtu mzima wa meza ya nne, wa kudumu, mmoja wa wale wa zamani walioingia kabla mchezo huu haujaanza. Wa kudumu wanavaa kofia ya bluu, wa miezi mitano wanavaa ya njano. Sabel kastaafu, magoti yamemkataa. Ubaldo akatangaza mbele ya wote kwamba kofia yake itavaliwa na mtu wa meza ya nne. Mmoja. Sasa mtu wa meza ya nne ni nani? Ni aliyetoka jana au ni anayeingia kesho?

"Haya, ulimwambia nini?" Nonoy akauliza. "Ulivyofika na jogoo wangu kwapani, ulimwambia nini?"

"Nilimsalimia."

"Kaka!"

"Nikamwambia, mkubwa, meza ile mimi naijua. Samaki wanakuja pale wametoka kwenye barafu, wagumu kama mawe, mtu mgeni atapoteza kidole siku ya kwanza. Nikamwambia, niache mimi niendelee."

"Na mimi je?"

"Wewe kijana. Utapata kwingine."

"Wapi? Nitajie. Nitajie sehemu moja tu, nivae viatu saa hii hii."

Efren akaubana zaidi ule mkono kwapani.

"Ubaldo akasemaje?" Nonoy akauliza, safari hii taratibu, maana hili ndilo alilokuwa analiogopa tangu atoke kanisani.

"Alimshika jogoo mapaja. Akampuliza manyoya ya shingo, akaangalia ngozi. Akasema ni kuku mzuri, kalishwa vizuri."

"Nimemlisha mimi! Mayai ya kuchemsha! Nyie mnakula wali na chumvi, mimi nampa yai!"

"Tulikuona," mama akasema huku anapepea. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Halafu akasema," Efren akaendelea, "kesho njooni wote wawili. Getini nitaangalia."

"Ataangalia nini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema ndiyo?"

"Hakusema hapana."

"Lakini jogoo kachukua."

"Jogoo kachukua."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga kopo na kijiti, anaimba wimbo wa tangazo la sabuni. Nonoy akamsikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Wote wawili. Alikuwa anaiona hiyo kesho waziwazi: watu wamepanga foleni, yeye na Efren bega kwa bega, na Ubaldo anapitisha macho. Na macho yatasimama kwa nani? Hilo halihitaji mganga. Tangu wakiwa wadogo, mtu akiingia humu ndani macho yanasimama kwa Efren. Kichwa cha samaki, cha Efren. Kikombe chenye mpini, cha Efren. Baba yao alivyokuwa anakata roho alimwita Efren, Nonoy akasimama pale mlangoni na glasi ya maji isiyokuwa na mwenyewe. Wiki iliyopita alipokwenda kupimwa, wanawake wa meza ya nne walimzunguka wanamcheka kwa upendo, "Eti huyu ndiye mdogo wake Efren? Haya, tuone kama na wewe una mkono. Mkono wa Efren ukipita kwa jodari, mfupa unabaki unashangaa." Alitabasamu, akarudi nyumbani ana uchungu mdomoni kama kalamba betri.

Wale wenye kofia za bluu alikuwa anawaonea wivu pia, nani asiyewaonea? Lakini ule ni wivu wa mbali, kama unavyomwonea wivu mtu mwenye gari. Huu wa Efren ulikuwa unalala naye mkeka mmoja.

"Wewe unafanya kama umeonewa peke yako," Efren akasema. "Hebu niulize na mimi. Ulikuwa unamnenepesha wa nini?"

"Nani?"

"Jogoo. Kwenye ulingo wa kupiganisha majogoo humpeleki, kuuza huuzi, kuchinja hutaki. Leo asubuhi umemtafuta wa nini kabla ya misa?"

Nonoy akatupa macho mlangoni.

"Sema. Mama asikie. Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Jogoo ni wangu. Nampeleka ninakotaka."

"Kwa Ubaldo!" Lorna akadakia, kisha akajipiga kofi la paja. "Yesu Maria. Wote wawili ni walewale! Mmegombania kumpa yuleyule kuku mtu yuleyule!"

"Shemeji, nyamaza."

"Sinyamazi. Mimi nimesimama meza ile kabla yako. Nimesimama mpaka nikasikia vidole vya miguu vimekufa. Mwaka juzi pia kulikuwa na kofia ya bluu, unajua? Ilikuwa ya mzee mmoja, sijui kaenda wapi. Tulipeleka bata. Wenzetu walipeleka mchele, mwingine kampeleka binti yake akafue. Kofia mpaka leo iko kabatini."

"Ile ilikuwa nyingine," Efren akasema.

"Ehe, nyingine."

"Lorna, nina mtoto anakuja! Unataka nikae nisubiri?" Akamgeukia Nonoy. "Na wewe una nini? Una mke? Una mtoto? Ukikosa kazi nani anakufa?"

"Mimi," Nonoy akasema. "Nakufa mimi. Au mimi sihesabiki?"

Mama akaipua sufuria. Ilikuwa supu ya vichwa vya samaki, imetiwa ukwaju, inaruka mapovu. Akapita nayo katikati yao, ikabidi Nonoy arudi nyuma, akaiweka juu ya meza. "Mtakula," akasema. "Kelele hazijazi tumbo, na kesho mnaamka mapema, atakayeingia na atakayerudishwa."

"Kwa hiyo na wewe mama unajua nani atarudishwa," Nonoy akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umemwangalia nani uliposema?"

"Nimeangalia sufuria, mwanangu."

"We mtoto usimjibu mama!" Efren akainuka. Aliinuka kwa nguvu, akaegemea meza, mkono wa kulia ukatua kwenye sufuria, kiganja kizima ubavuni mwa sufuria, na akaendelea kusema. "Miaka yote nakula baridi kwa ajili ya nyumba hii! Karo yako ya shule nani kalipa? Hizo suruali nani kanunua? Leo unaniita mwizi kwa sababu ya kuku?"

Nonoy hakuwa anasikia. Alikuwa anaangalia mkono. Alisubiri utoke pale, hautoki. Efren anafoka, shingo imemtoka mishipa, na mkono umetulia kwenye sufuria kama umewekwa begani kwa rafiki. Harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya nyama, na haikutoka kwenye supu.

"Mkono!" Lorna akapiga kelele. "Efren, mkono!"

Efren akaangalia chini. Akautoa pole, kama mtu anayeondoa kitu cha mwenzake. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, sehemu imebaki kwenye bati la sufuria.

Nje yule mtoto alikuwa kaacha kopo.

"Hauumi," Efren akasema, na akatamani asingesema.

Mama akamvuta akamkalisha. Lorna akatupa mlonge chini, akaleta dawa ya meno, akawa anampaka kiganjani huku analia kimyakimya, na kwa jinsi alivyokuwa analia Nonoy akajua kwamba Lorna alishajua. Alijua siku nyingi. Mkono ule, ambao mfupa unabaki unashangaa, ulikuwa umekufa. Barafu imeuua, na Efren alikuwa anakata kwa macho tu, akisimama kwenye msumeno wa kukatia vichwa vya samaki na vidole asivyojua vilipo. Na mtu wa hivyo Ubaldo akimjua hampi hata kazi ya kufagia, kwa sababu akikatika kidole kuna karatasi za kujaza.

"Dogo," Efren akasema. Sauti yote imemwisha. "Kesho navaa glavu. Hakuna atakayeona. Hili ni la humu ndani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nikipata ya bluu watanitibu. Wa kudumu wanatibiwa. Ndiyo maana. Siyo kwamba nilitaka kukuzibia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, kaka."

Na alielewa, hilo ndilo baya. Alisimama pale anaelewa kila kitu, na anawaangalia, mama kapiga magoti anapuliza kile kiganja, Lorna kakishika kwa mikono miwili kama kifaranga, na ule uchungu wa betri ukamrudia mdomoni. Hata kuungua, kuungua kwa Efren kulikuwa na watu wa kumpuliza. Yeye wiki nzima alikuwa halali, nani alimwuliza?

"Nonoy," mama akasema bila kuinua kichwa, "kimbia dukani kwa Nena uchukue barafu. Mwambie nitamlipa. Haraka, mwanangu."

"Naenda."

Akaenda kwenye ukuta, kwenye msumari. Pale lilikuwa limetundikwa shati jeupe, la kuazima, limepigwa pasi kwa ajili ya kesho. Akavua fulana. Akavaa shati, akafunga vifungo kuanzia juu, kimoja kimoja, cha mwisho kikamsumbua kidogo. Akapitisha maji kwenye nywele.

Lorna akainua macho.

"Kununua barafu ndiyo uvae shati hilo?"

Efren naye akageuka. Wakaangaliana, kaka na mdogo wake, na Efren akafungua mdomo. Nonoy akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga, akashika njia ya kwa Ubaldo.