Ngamia Ndani ya Simu

Tumbo la Ramlo lilikuwa likimwendesha tangu jana. Alipofikishwa kwenye kemisti ya Abdinasir, karibu na soko la mifugo Garissa, midomo ilikuwa imemkauka na macho yameingia ndani. Binti yake Muslimo alimketisha kwenye benchi bila wasiwasi. Alfajiri alikuwa amemwomba Mungu, na dawa alijua zitalipiwa na akiba yake ya afya kwenye simu.

Abdinasir aliuliza kama kuna damu, kama kuna homa, kama anaweza kunywa. Kisha akaweka mezani pakiti za ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, akaagiza anywe kidogo kidogo, na asipopata nafuu kufikia jioni apelekwe hospitali.

Muslimo alipotoa simu, mama yake akauliza ni akiba gani hiyo. Akaelezwa kwamba kila Ijumaa sehemu ya mapato ya maziwa ya ngamia huingia humo, na ikishaingia haitoki ila kwa matibabu na dawa. Hata Muslimo mwenyewe hawezi kuitoa akanunue sukari.

Ramlo akazisukuma pakiti kando.

"Pesa usiyoweza kuitoa si yako," alisema. "Hiyo ni amana ya watu. Sinywi amana ya watu, hata nikifa."

"Ayeeyo," Abdinasir akamwambia kwa upole, akimwita kama bibi yake, "akaunti ina jina la binti yako."

Akajibiwa kwamba muuza dawa hawezi kusema vingine. Akataka kumpa bure, akakataliwa, maana Ramlo hakutoka Takaba kuja kuombaomba mjini. Akajiinua arudi nyumbani kwa binti yake akanywe chai ya rangi, lakini magoti yakamgomea, akaketi tena akihema.

Muslimo aliona mikono ya mama ikitetemeka. Asipokunywa sasa, atazimia njiani. Kimoyomoyo akasema, Yaa Rabbi, nipe neno. Akachuchumaa mbele yake.

"Hooyo, ukame ulipomaliza mifugo yetu, mjomba Alio alituletea nini?"

"Irmaan." Ndiye ngamia wa maziwa ambaye jamaa humwazima aliyefilisika.

"Ulimchinja?"

"Nimchinje, mimi mwizi?"

"Ulimuuza?"

"Muslimo, naumwa. Usinichoshe."

"Lakini maziwa ulikunywa."

"Hayo meno unayonionyesha yalitoka wapi?"

"Basi na hii ni irmaan, hooyo. Sichinji, siuzi, nakamua dawa tu. Ila huyu ngamia ni wangu, na ni mimi ninayemlisha."

Ramlo aliitazama simu kwa muda mrefu, kama mtu anayemkagua mnyama sokoni. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkamua ngamia chuchu zote nne. Mbili ni za watu, mbili ni za ndama.

"Na ndama umemwachia?"

"Nimemwachia. Akiba haimaliziki leo."

Abdinasir alikwishakoroga dawa katika lita ya maji safi. Muslimo akabonyeza namba ya siri, malipo yakapita. Ramlo akasema Bismillahi, akanywa, akakunja uso kwa ile chumvi, akanywa tena. Alikaa pale akinywa hadi mikono ikatulia na sauti ikamrudia. Ndipo akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Ile ya kuchua magoti. Tukiichukua, ndama atabaki na zake mbili?"

"Atabaki nazo."

"Basi kamua."